Mke wa Fundi Katika Zoezi la Saba

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na ule mgongo umepunguza ukali. Sisi wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na anauma kila kinachopita karibu yake, mume wangu akiwemo. Baba naye hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto analisahau. Sare zote za shule za muhula huu kazishona peke yake. Mkanda wa cherehani ulimkatikia katikati ya kazi, akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli na kuendelea.

Nimekupigia simu hupokei. Ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nimerudi kwenye karatasi, maana karatasi huwezi kuikata ikiwa katikati ya sentensi.

Kitabu chako cha Kiingereza kimefika shuleni kwetu. Mwalimu Mkuu aliyapokea maboksi kama anapokea mahari, akatangaza mstarini kwamba mwandishi ni shangazi wa mwalimu wa darasa la sita. Nikapigiwa makofi. Nilivimba kichwa, nisikufiche. Na sura ya vielezi umeieleza vizuri: unachukua neno la sifa, unabandika "ly" mwishoni, linakuwa neno la namna ya kutenda. "Slow" inakuwa "slowly". "Lazy" unaigeuza kwanza ile "y" iwe "i", ndipo unapata "lazily". Watoto walipenda kupita kiasi. Sasa wanabandika "ly" kila mahali, mpaka kwenye Kiswahili. Juzi mmoja kaniomba ruhusa atoke nje "harakali". Nilicheka na walimu wenzangu siku nzima.

Kisha tukafungua zoezi la saba.

Fundi cherehani ni mvivu, anafanyaje kazi? "Lazily". Fundi ni mzembe, anashonaje? "Carelessly". Ulevi wa fundi ni mzito, anakunywaje? "Heavily". Mke wa fundi ni mvumilivu, anamsubirije mumewe dirishani? "Patiently". Juu yake kuna picha. Fundi kalaza kichwa juu ya cherehani, amesinzia, chaki nyuma ya sikio, kipara katikati ya utosi, na mguu wa kushoto umevaa kiatu chenye soli nene kuliko mwenzake.

Watoto waliinamia picha. Halafu mmoja akasema, "Mwalimu, huyu si babu wa sare?" Wakacheka wote, hata waliokuwa wamesinzia. Tangu siku hiyo wakipita kibarazani kwake wanaimba, "Lazily! Lazily!" na kukimbia.

Shangazi, mwaka jana choo cha shule kiliziba nikakizibua kwa mikono yangu. Sikusikia kinyaa kama nilichosikia nikiwa nimesimama mbele ya ubao na kitabu chako mkononi. Nilitaka kukitupa nikanawe.

Najua mnachapa tena mwakani. Nakuomba, lifute zoezi hilo. Liondoe lote kabla baba hajajua.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Chiriku

*

Tarehe 27 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Mgongo uko vilevile. Daktari ananiambia nisikae sana, nami namwuliza vitabu vinaandikwa kwa kusimama? Jirani wa juu anatengeneza sakafu, mashine inalia tangu asubuhi mpaka meno yangu yanatetemeka. Busu mjukuu wangu. Mpe karoti mbichi atafune, aache watu.

Nilisahihisha barua yako kwa kalamu nyekundu kabla sijajishtukia. Mazoea. Unapenda kumaliza sentensi kabla hujamaliza wazo. Nilipokufundisha shuleni nilikuonya hivyo hivyo.

Kuhusu hilo zoezi. Mwanangu, mfano ni mfano. Kitabu kina mazoezi mengi na kila zoezi linataka watu wa kutenda jambo: mkulima, dereva, muuguzi, fundi. Mafundi cherehani wako wangapi duniani? Na wanaopenda kinywaji je? Mchoraji alichora alivyopenda, mimi sikumshika mkono. Watoto wa shule yenu wana akili ya kupenda vichekesho, hilo ni la kushukuru, maana shule nyingi watoto wanalala darasani.

Mwambie Mwalimu Mkuu nimepata mwaliko wake wa siku ya zawadi mwezi wa saba. Nitaangalia ratiba. Ni heshima kwa kitabu.

Soma kwa bidii, fundisha kwa bidii. Na hapo, ukumbuke kuwaambia watoto, neno "hard" haliongezwi kitu. "Hardly", yaani ni kama hafanyi kabisa, ni jambo lingine, na nusu ya walimu nchini hawalijui.

Shangazi yako

*

Tarehe 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Karoti imesaidia kwa siku moja, ya pili ameitupa na kurudi kwenye mkono wangu. Mume wangu anakusalimu. Mvua imeingia darasani kwa dirisha lisilo na kioo, tumehamisha madawati upande mmoja, watoto wamebanana kama sabuni kwenye boksi.

Hukumtaja baba hata mara moja. Mashine ya jirani umeitaja.

Basi nikueleze mimi. Mafundi wako wengi duniani, kweli. Wenye chaki sikioni ni wote. Lakini mwenye soli nene mguu wa kushoto, kipara cha duara, na cherehani yenye gurudumu lililovunjika meno, huyo ninamjua mmoja, na picha yake nimeiona ndani ya albamu yako. Mchoraji hakuota ndoto. Mtu alimpa picha.

Sasa sikia nilichofanya, na ukishasikia usinionee huruma, maana mimi mwenyewe sijionei. Jumamosi baba alikuja kwangu na shati safi, akakaa, akakataa chai. Akasema, "Mwanangu, watoto wananiimbia neno la Kizungu. Mwenye duka kaniambia nimo kitabuni. Kitabu cha dada yangu. Ni kweli?" Nikasema ni kweli. Macho yakamng'aa, Shangazi. Nilikuwa sijayaona yakiwa hivyo muda mrefu. Akasema, "Nionyeshe."

Nikaleta kitabu. Angekiona tu siku moja mahali pengine. Akaiangalia picha, akaangalia mguu wake, akacheka. "Kanipiga picha nimelala! Huyu dada tangu utotoni mtundu." Akaniuliza maneno yanasemaje. Nami nikamwambia "lazily" ni kwa utulivu, bila papara. "Carelessly" ni bila wasiwasi, kama fundi anayejiamini. "Heavily" ni kwa uzito, kama mtu mwenye heshima zake. Mke wa dirishani amechorwa chini ya ukurasa. Hapo niliweka kiganja, nikafanya kama nakishikilia kitabu kisifunge. Hakumwona.

Nimempaka baba yangu mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye akajipangusa akashukuru. Akiondoka alikuwa anajisemea mwenyewe njiani, "leizili, leizili", kama mtu anayejifunza jina la mjukuu mpya. Jumatatu watoto walipopita wakiimba, akawapungia mkono. Watoto wamechanganyikiwa, hawajui wacheke au wafanyeje. Mimi nilijifungia ofisini mpaka kengele ilipolia.

Ameanza kukushonea gauni. Kitambaa cha bluu, kizuri kuliko chochote alichowahi kunishonea mimi. Anasema kama umemweka kitabuni, na yeye hana kitabu, atakuweka kwenye nguo.

Nijibu upesi. Usinifundishe "hardly".

Chiriku

*

Tarehe 2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa. Nilianza barua hii mara kadhaa. Mwanangu wa pili amepata kazi kwenye kiwanda cha rangi, analalamikia harufu, anarudi amechoka. Mimi natembea na mkanda mpana kiunoni kama mbeba mizigo.

Picha nilimpa mimi. Haya, umefurahi?

Nilihitaji sentensi. Hujui kazi hii ilivyo. Unakaa na meza na kikombe, unatakiwa uandike mvivu, mzembe, mlevi, mvumilivu, na watoto wakisoma waone mtu, wasione neno tupu. Unatafuta mtu. Na mimi kila nikitafuta mvivu alikuwa anakuja huyohuyo, na kila nikitafuta mvumilivu alikuwa anakuja yuleyule, amesimama dirishani.

Unaniandikia habari za kinyaa. Nikuambie changu. Wifi yangu aliumwa tumbo tangu asubuhi. Mumewe akatumwa aende kutafuta gari. Gari lilikuwa mtaa wa tatu, wewe unaujua. Akarudi jua linazama, ameshikiliwa na watu, nguo zimelowa, ananuka pombe na matapishi. Mimi nilifika kesho yake hospitali. Wifi hasemi tena. Kaka yangu amekaa kwenye benchi la nje, na ile harufu bado iko naye. Nikakaa naye benchi moja kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia. Mkono wangu uligusa mkono wake, nikatamani niukate.

Majirani waliniambia wifi alisubiri dirishani siku nzima. Hakuna mwanamke mpole kama yule. Nimekula chakula chake, nimelala kitanda chake, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Sikuwahi kumwambia kaka yangu neno lolote, kwa sababu tulikuwa na msiba, na baada ya msiba kulikuwa na wewe wa kulea, na baada ya hapo akaacha pombe na kila mtu akaanza kumsifu. Wanamsifu! Mtu akiacha kuchoma nyumba anasifiwa?

Kwa hiyo usiniambie nifute. Sikuandika uongo hata mstari mmoja. Nakuja siku ya zawadi, nimeshamjibu Mwalimu Mkuu.

Shangazi

*

Tarehe 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Jino la tatu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kuhusu siku ile sikubishii mengi. Baba alifanya ulivyosema, na harufu unayoisema naijua kuliko wewe. Wewe ulifika kesho yake. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nilichokisikia siku ile sikuelezi, maana si changu kukitoa, ni cha watu wawili, na mmoja wao hayupo.

Lakini ulikuwa na mdomo. Ulikuwa na kaka. Ungemwita uani ukamwambia usoni, hata kwa matusi. Badala yake umengoja miaka, ukawapa watoto wa watu wamwimbie, kwa lugha asiyoijua, na bado kitabu kina jina lako na kinauzwa. Huo ujasiri gani? Mkuki kwa nguruwe, Shangazi.

Ukija, mwambie kabla watoto hawajasimama. Mwalimu Mkuu ana tabia yake: mgeni akija, darasa linasomeshwa kwa sauti lile zoezi wanalolijua vizuri kuliko yote. Unajua ni lipi. Baba amekwisha ahidiwa kiti cha mbele.

Kama huwezi kumwambia, usije.

Chiriku

*

Tarehe 30 Julai

Chiriku wangu,

Natumaini hamjambo. Nimerudi salama ila barabara ile ni adhabu, mgongo umenitukana njia nzima. Hotuba yangu naona ilipokewa vizuri. Mwambie Mwalimu Mkuu kwamba kipaza sauti chake kinahitaji fundi, maneno yangu ya mwisho yalimezwa.

Samahani sikukaa. Dereva alikuwa na haraka na mimi nina mkutano wa wachapaji kila mwisho wa mwezi. Nilimsalimia baba yako mlangoni, alinishika mikono yote miwili, hatukupata nafasi ya kuzungumza. Gauni limenikaa. Mabega yamebana kidogo tu, lakini hayo yanarekebishika.

Busu mtoto.

Shangazi

*

Tarehe 9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto ameanza kusimama kwa kushikilia meza. Darasani kwetu kioo kimewekwa. Hizo ndizo habari njema, nimezimaliza.

Hukupata nafasi ya kuzungumza. Mlangoni! Baba alikaa tangu asubuhi na gauni kwenye mfuko, amelipiga pasi mara sijui ngapi, na wewe ukalichukua kama mtu anayepokea chenji, ukaingia garini. Mabega yamebana. Nilipofika sentensi hiyo niliweka barua yako chini nikaenda kutema mate nje. Sijawahi kufanya hivyo kwa barua ya mtu.

Sasa nikueleze kilichotokea gari lako lilipopinda kona.

Mwalimu Mkuu hakutaka shughuli ipoe. Akapanda jukwaani, akalisimamisha darasa langu. Nilimwambia sikioni, "Mkuu, tusome la wanyama." Akasema la wanyama hawalisomi kwa sauti. Akauliza kwa Kiingereza chake, "Fundi ni mvivu, anafanyaje kazi?" Watoto wakajibu mpaka bati likatikisika. Baba alikuwa amekaa kiti cha mbele, amevaa koti lake la harusi za watu, anatikisa kichwa kwa kila jibu. Alikuwa anajua yanakuja. Na la pili lilipokuja akageuka nyuma kuwaangalia wazazi, unajua tena, mtu akisifiwa anataka kuona nani kasikia.

Akawakuta wanacheka. Si wote. Wale wachache waliosoma, pale nyuma, mwenye duka akiwemo, na wameziba midomo.

Akasimama. Unajua akisimama anavyoinuka upande mmoja kwanza. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, subiri. Mwanangu, haya maneno yana maana gani?"

Watu mia, Shangazi, na jua, na mimi nina orodha ya zawadi mkononi. Ningeweza kusema tena kwa utulivu, bila wasiwasi, kwa heshima. Maneno yalikuwa mdomoni. Yalikuwa yananuka. Nikasema, "Baba, nilikudanganya. La kwanza ni kwa uvivu. La pili ni kwa uzembe. La tatu ni kunywa pombe kupita kiasi."

Akahesabu kwa vidole vyake. Akaniuliza, "Limebaki moja. Nimeona watoto wameinua vidole vinne vya kuhesabia majibu." Nikasema, "La nne ni la mama. Mke wa fundi anasubiri dirishani kwa uvumilivu." Nikafungua kitabu nikamwonyesha. Alivaa miwani. Alimwangalia yule mwanamke wa kuchorwa muda mrefu, ambaye kwa kweli hafanani na mama hata kidogo, mchoraji kamchora ameweka shavu mkononi kama anayesikiliza redio.

Nilidhani atalia. Nilidhani ataondoka. Akavua miwani, akawageukia watoto, si mimi wala si wazazi.

"Hayo matatu ya kwanza ni mimi," akasema. "Nilikuwa hivyo. Someni tu. Ila la nne si kweli. Mke wangu hakusubiri hivyo. Mwenye kitabu alisahihishe."

Akakaa. Mwalimu Mkuu akapiga makofi maana hakujua afanye nini, tukaenda kwenye zawadi ya usafi.

Sasa umesikia. Ulisema hukuandika uongo hata mstari mmoja. Mwenye mke anasema mmoja upo.

Tangu siku ile watoto hawaimbi. Wakipita wanamwamkia. Na mimi hajanisema kwa uongo wangu, ananiuliza habari za mtoto, ananiwekea vipande vya kitambaa vya kushonea shuka. Ningependa anigombeze. Hili la kunisamehe bila kusema linanila.

Chiriku

*

Tarehe 22 Novemba

Chiriku,

Sijambo. Mwanangu ameacha kazi ya rangi.

Nimeyashughulikia. Nimekaa na wachapaji na toleo jipya litafika kwenu mwanzo wa mwaka. Utaona mwenyewe. Naomba sasa jambo hili tulifunge, sina afya ya kuendelea nalo. Gauni nimeshindwa kulivaa, na si kwa sababu ya mabega.

Msalimie kaka yangu.

Shangazi

*

Tarehe 19 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mgongo na pole na mwanao. Wa kwangu anatembea, anaanguka, anacheka, anatembea. Salamu zako nilimpa baba, akasema, "Ameniita kaka?" Nikamwambia ndiyo, kaandika hivyo.

Kitabu kimefika. Nililikimbilia zoezi la saba hata kabla ya kuangalia jalada. Sasa kuna kobe. Kobe anatembea "slowly", sungura analala "foolishly", jua linawaka "brightly". Hakuna fundi, hakuna cherehani, hakuna dirisha. Ndicho nilichokuomba Februari ile: liondoe lote. Umefanya neno kwa neno, sina pa kulalamikia. Na bado nimesikia kinyaa kilekile, ila safari hii sehemu yake ni ya kwangu mwenyewe, maana mwombaji nilikuwa mimi.

Jioni baba alipita. Alisikia maboksi yamekuja. Akavaa miwani, akafunua, akapita kobe, akapita sungura, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele ukurasa mmoja. Akaniuliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Umeondolewa, baba. Hakuna tena atakayekucheka."

"Siulizi mimi. Mama yako yuko wapi?"

Nikasema naye ameondolewa.

Akafunga kitabu, akakiweka mezani, akakisogeza mbali na mkono wake kama sahani ya chakula kilichochacha. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nilimwona baba akisikia karaha ya kitu kisicho yeye mwenyewe. Akaniambia nichukue kalamu, niandike anavyosema, nisipambe, nisirekebishe, na nikutumie wewe. Haya ndiyo maneno yake:

"Dada, mimi sikuomba unitoe. Wote wa mtaa huu wananijua nilivyokuwa, na wewe unanijua zaidi, na hasira yako naiona sasa, ungeniambia zamani ningekusikiliza. Niliomba umrekebishe mke wangu tu. Siku ile nilipofika alikuwa amesimama dirishani ananitukana mpaka watu wametoka nje. Mgonjwa vile, nguvu sijui alizitoa wapi. Alinirushia mkasi, alinirushia pasi. Aliniambia hata nikioga na sabuni ya duka zima harufu hii haitanitoka. Ndani ya gari la kumpeleka hospitali akazimia, hakusema neno jingine tena, kwa hiyo hayo ndiyo ya mwisho. Mtoto alisikia, yuko hapa anaandika. Wewe unamkumbuka mpole kwa sababu wewe hakukudai kitu. Mrudishe kitabuni. Mimi niache mvivu, niache mlevi, andika utakavyo. Lakini yeye mrudishe akiwa na hasira yake. Pombe niliiacha pale chini ya dirisha. Angenisubiri kwa upole, mpaka leo ningekuwa nakunywa."

Nimeandika alivyosema.

Chiriku